Kijiji Kilichoahirisha Simu

Mwezi Mei 2023, kamati za wazazi za shule nane za msingi katika mji wa Greystones, kusini mwa Dublin, zilikubaliana kwamba watoto wao wasimiliki simu janja hadi watakapoingia sekondari. Makubaliano yalikuwa ya hiari. Hapakuwa na sheria, faini wala mkaguzi. Aliyetaka kumnunulia mwanawe simu alikuwa huru, ila sasa yeye ndiye angekuwa peke yake.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama cha teknolojia. Mimi nakisoma kama kisa cha siasa: watu huamuaje jambo ambalo hakuna awezaye kuliamua peke yake? Tangu iPhone ilipoingia sokoni mwaka 2007, hoja ya mtoto imekuwa ileile: wenzangu wote wanayo. Mzazi anayekataa humtenga mwanawe na wenzake. Anayekubali humwongezea jirani mzigo. Kila mmoja hununua kwa sababu ya wengine, nao wengine hununua kwa sababu yake.

Marekani fundo hili lilionekana mapema. Ahadi ya Wait Until 8th, iliyoanzia Austin, Texas, mwaka 2017, inawataka wazazi wasubiri angalau hadi mwisho wa darasa la nane. Lakini haianzi kazi mpaka familia 10 za darasa moja, katika shule moja, ziwe zimetia saini. Katika hesabu hiyo ndogo imo busara yote ya mpango: mzazi hatakiwi kuwa shujaa, anatakiwa kuwa na wenzake.

Watu wa Greystones waliuita mpango wao It Takes a Village, kutokana na msemo ambao dunia huunasibisha na Afrika. Sisi tunao wetu, mkono mmoja haulei mwana, ingawa tunaunukuu zaidi kwenye hotuba kuliko kwenye vikao vya wazazi. Serikali ya Ireland ilifuata nyuma: Novemba 2023, Waziri wa Elimu Norma Foley alitoa mwongozo kwa wazazi wa shule za msingi waliotaka kuiga. Februari 2024 vuguvugu la Smartphone Free Childhood likazuka Suffolk, Uingereza, kupitia kundi la WhatsApp (naam, kwa simu zilezile).

Kuna pingamizi moja zito. Mzazi anayerudi kazini usiku anahitaji kumpata mwanawe, na kwake simu si anasa. Ahadi ya Austin imemwachia nafasi: simu ya kupiga na kutuma ujumbe tu, ile tuiitayo kitochi, inaruhusiwa.