Mwuguzi Aitwaye Daktari

Ukisikia mwuguzi akiitwa daktari, usidhani kwamba msemaji amekosea. Udaktari ni wa namna mbili: uko udaktari wa kazi ya kutibu, na uko udaktari wa elimu, yaani shahada iliyo juu kupita zote vyuoni, ambayo siku hizi twaiita uzamivu. Jina hilo lafaa, kwa kuwa mwenye kuitafuta huzama katika elimu moja kama mpiga mbizi atafutaye lulu. Lakini mwuguzi, ambaye kazi yake iko kando ya kitanda cha mgonjwa, azamie nini vyuoni miaka yote hiyo? Jibu limo katika historia ya Marekani.

Twende kwanza katika milima ya Kentucky. Mnamo mwaka 1925 barabara huko zilikuwa chache na mbovu, na madaktari walikuwa haba. Mary Breckinridge, mwuguzi aliyekuwa amefiwa na watoto wake wawili, akaanzisha huko kazi ya wauguzi wakunga. Yeye mwenyewe alivuka bahari akajifunza ukunga Uingereza. Wauguzi wake walipanda farasi, wakavuka mito na mabonde usiku na mchana, wakawazalisha wanawake na kuwauguza watu majumbani mwao. Tazama basi: haja ya watu ndiyo iliyotangulia, na shahada zikaja nyuma.

Bibi huyo alifariki mwaka 1965. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Colorado, mwuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianza kuwafundisha wauguzi kuwapima watoto, kutambua maradhi yao na kuwatunza. Hapo ndipo palipozaliwa kazi mpya, na leo Wamarekani wanahesabu aina nne za wauguzi mabingwa: wapimao na kutibu wagonjwa, wakunga, watiao wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa, na wenye ujuzi wa pekee katika maradhi au wagonjwa wa namna fulani.

Na vyuo je? Columbia, katika mji wa New York, ilimpa Mary Adelaide Nutting uprofesa wa uuguzi mwaka 1907, naye akawa mwuguzi wa kwanza ulimwenguni kupata cheo hicho. Katika miaka ya 1920 wauguzi walianza kusomea udaktari hapo. Lakini huo ulikuwa udaktari wa kuwatayarisha walimu na wakuu wa shule; aliyeupata mara nyingi aliiacha wodi. Mwaka 1979 chuo cha Case Western Reserve, mjini Cleveland, kikaanzisha udaktari kwa ajili ya kazi yenyewe ya uuguzi. Na mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Kentucky kikafungua masomo ya kwanza ya shahada ambayo leo huitwa Udaktari wa Utendaji wa Uuguzi.

Tofauti ya shahada hizi ni rahisi kuielewa. Chukua mfano wa vidonda vinavyowapata wagonjwa waliolala muda mrefu. Mtafiti huuliza jambo lisilojulikana bado juu ya vidonda hivyo. Mwuguzi wa shahada ya utendaji huuliza hivi: ikiwa twajua tayari namna ya kuvizuia, mbona katika wodi hii vingalipo? Kisha hutengeneza utaratibu, huupima, na kuurekebisha. Kwa kawaida hutakiwa kutimiza saa 1,000 za mazoezi chini ya uangalizi baada ya shahada yake ya kwanza.

Mwaka 2004 umoja wa vyuo vya uuguzi vya Marekani ulikata shauri kwamba ifikapo mwaka 2015 wauguzi mabingwa wote waandaliwe kwa udaktari. Mwaka huo ulifika, ukapita, na vyuo vingi vikaendelea kuwaandaa kwa shahada ya uzamili. Ni wale watiao usingizi tu ambao, tangu mwaka 2022, kila anayeanza masomo ni lazima asomee udaktari. Wapo madaktari walionung'unika kwamba wagonjwa watachanganyikiwa kwa jina. Wapo wauguzi waliosema kwamba karo na miaka zaidi vitawafungia mlango watu wenye moyo lakini wasio na mali.

Manung'uniko hayo si ya kudharauliwa. Mlima usio na mwuguzi haufaidiwi na shahada iliyotundikwa ukutani mjini. Lakini pia mgonjwa hastahili kutunzwa kwa kubahatisha, maana huruma pasipo ujuzi yaweza kuua. Basi, msomaji, utakapopima elimu yoyote, ya uuguzi au nyingine, usiulize tu ni ndefu kiasi gani. Uliza mwenye kuzamia ameibuka na nini mkononi, na ni nani atakayefaidiwa nacho.