Majumba ya Sintra: Picha Kali, Bili Alilipa Nani?

Ile picha unaijua hata kama jina hulijui: jumba lenye kuta nyekundu na njano limekaa kileleni mwa mlima, ukungu chini yake, kama limetoka kwenye katuni. Hilo ni jumba la Pena, Sintra, nchini Ureno. Ukipanda treni stesheni ya Rossio pale Lisbon, ni kama dakika 40 tu umefika. UNESCO iliutangaza mji huo urithi wa dunia mwaka 1995, na sasa wageni ni nyomi. Wengi wanapiga selfi na kusepa. Umbea wenyewe wanauacha ukutani.

Anza chini, katikati ya mji, kwenye ikulu ya kale. Utaitambua kwa madohani mawili meupe ya jikoni, kila moja lina urefu wa mita 33. Ndani kuna chumba ambacho dari lake limechorwa ndege 136 wa jamii ya kunguru. Hadithi inasema Mfalme João wa Kwanza alinaswa na mkewe, Malkia Philippa, akimbusu mmoja wa wanawake wa ikulu. Akajitetea kwamba lile busu lilikuwa la nia njema tu! Ikulu nzima ikawa haina stori nyingine. Mfalme akachoka, akaagiza wachorwe ndege wapiga kelele, mmoja kwa kila mwanamke wa pale ndani. Iwe kweli au chai, ndege wapo mpaka leo.

Chumba kingine hakina utani. Mwaka 1667 Mfalme Afonso wa Sita alipokonywa madaraka na mdogo wake, Pedro. Ndoa yake ikabatilishwa, na Pedro huyohuyo akamuoa shemeji yake. Afonso akapelekwa kisiwani, kisha akaletwa Sintra na kufungiwa humo mpaka alipofariki mwaka 1683. Wageni huonyeshwa sakafu iliyolika, wakiambiwa ni nyayo zake, akizunguka chumba kilekile kwa miaka tisa.

Halafu kuna Ukumbi wa Ngao. Hapo mtu wa Pwani apunguze mwendo. Dari linang'aa dhahabu, limezungukwa na ngao za koo 72 za wakubwa wa Ureno. Aliyeujenga ni Mfalme Manuel wa Kwanza, yuleyule aliyemtuma Vasco da Gama, akafika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1502 Da Gama alirudi na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 meli za Manuel zikaiteka Kilwa, zikaichoma moto Mombasa. Dhahabu ile ya Kilwa ilifuliwa chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kikakamilika mwaka 1506, na leo kipo kwenye makumbusho ya sanaa pale Lisbon. Darini Sintra koo 72 zina ngao zao. Kilwa haina.

Panda juu sasa. Ngome ya Wamoor ilijengwa na Waislamu waliotawala eneo hilo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mwaka 1147, Lisbon ilipoanguka, walinzi wake wakajisalimisha. Ukitembea juu ya kuta zake unaiona bahari ya Atlantiki kwa mbali, na pumzi inakata kweli.

Kileleni ndiko Pena kwenyewe. Mwaka 1838 Ferdinand wa Pili, mume wa Malkia Maria wa Pili, alinunua magofu ya nyumba ya watawa yaliyoharibiwa na tetemeko la mwaka 1755, akaanza mjengo wa ndoto zake. Malkia alipofariki, Ferdinand alimuoa mwimbaji wa opera, Elise Hensler, mwaka 1869. Mwimbaji na mfalme? Watu wakanuna. Ferdinand alipofariki mwaka 1885 ikabainika amemwachia Elise jumba zima. Hapo ndipo kelele zilipoanza, hadi serikali ikalinunua kutoka kwake mwaka 1889.

Oktoba 1910 mapinduzi yalipolipuka Lisbon, Malkia Amélia alikuwa Pena. Alitoka humo akaenda uhamishoni, na ufalme ukaishia hapo.

Ukipanga kwenda, nunua tiketi ya Pena mapema, maana kuingia ndani ni kwa saa maalumu. Basi namba 434 linapandisha mpaka kwenye ngome na jumba. Vaa raba, beba koti, ukungu wa pale hautabiriki. Piga picha zako zote, ila ukifika Ukumbi wa Ngao shusha simu kidogo, uangalie juu, uikumbuke Kilwa.