Kutoka Magodoro ya Nakuru Hadi Rafu Tupu: Historia ya Nakumatt

Watoto wetu walio shule za msingi leo hawaijui Nakumatt, na tukiwatajia jina hilo hutuuliza ni kitu gani. Lakini sisi wakubwa tunaoishi Kampala, Kigali, Arusha na kwingineko tunaikumbuka vizuri, ile supamaketi yenye picha ya ndovu. Wanafunzi wa biashara nao wana mengi ya kuangalia katika habari zake, kwa hiyo tumeona tuieleze tangu mwanzo.

Jina lenyewe ni kifupi cha maneno Nakuru Mattresses, yaani magodoro ya Nakuru. Ilikuwa biashara ya familia ya Shah, Wakenya wenye asili ya Kihindi, katika mji huo wa Bonde la Ufa, na mwaka unaotajwa kuwa wa kuanzishwa kwake ni 1987. Aliyeiongoza mpaka ikajulikana kote ni Atul Shah. La kushangaza ni kwamba Tuskys na Naivas, waliokuja kuwa wapinzani wake wakubwa, nao mizizi yao iko pande hizo hizo za Nakuru. Uchumi peke yake ndiyo iliyotoka serikalini, mwaka 1975.

Kutoka kwenye magodoro wakaingia kwenye vyakula, vyombo, nguo, televisheni, hata baiskeli za watoto. Wakafungua matawi mengine saa 24, jambo ambalo mtu wa mjini hakulizoea. Wakatoa kadi ya kukusanya pointi kila ununuapo, na kina mama wengi wakaitunza kadi ile kama kitambulisho. Kabla ya hapo mwenye kipato cha kati alinunua sukari na mchele dukani kwa jirani yake, kwa daftari la mkopo. Sasa akaanza kusukuma kigari Jumamosi pamoja na watoto, na kulipa taslimu. Hili la kulipa taslimu tutalirudia, maana ndiyo siri yote.

Mwaka 2008 wakavuka mpaka wakafungua Kigali. Mwaka 2009 wakaingia Kampala, na mwaka 2011 wakafika Moshi nchini Tanzania. Mwaka 2014 walichukua maduka ya Shoprite huko Tanzania, Shoprite kutoka Afrika Kusini ilipoamua kuondoka. Walipofika kileleni walikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne na wafanyakazi kwa maelfu. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutoka Mombasa mpaka Kigali na kila mji mkubwa akakuta duka lenye jina lile lile.

Katikati ya ukuaji huo palikuwa na misiba miwili. Tarehe 28 Januari 2009 moto uliteketeza tawi lao katikati ya Nairobi na watu zaidi ya 20 wakafa. Swali la milango ya dharura likazungumzwa muda mrefu baada ya mazishi. Kisha tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wa al-Shabaab walivamia jengo la Westgate, ambamo Nakumatt ndiyo iliyokuwa duka kubwa kuliko yote. Watu 67 waliuawa, na Waislamu wakiwemo. Siku ile Abdul Haji, Mwislamu wa Garissa ambaye baadaye alikuja kuwa seneta, aliingia na bastola yake kumtafuta ndugu yake, akashiriki kuwatoa kina mama na watoto waliokuwa wamejificha. Tunalitaja kwa sababu watu wengi walisikia majina ya wauaji tu.

Hata hivyo si moto wala magaidi walioiangusha. Westgate ilifunguliwa tena mwaka 2015 na Nakumatt ikarudi humo. Ndovu hashindwi na mkonga wake, wazee husema, lakini huyu alishindwa, na mkonga wenyewe ni madeni.

Biashara ya supamaketi huenda hivi. Mwenye mkate, maziwa au mboga huleta mali leo, na hulipwa baada ya siku 30, 60 au hata 90. Mteja naye hulipa papo hapo. Kwa hiyo pesa hukaa mkononi mwa supamaketi wiki kadhaa, nazo si zake, ni za watu. Mwenye subira huzizungusha kwa hesabu na kulipa siku ikifika. Mwenye haraka ya kupanuka hufungulia duka jipya, na mauzo ya duka hilo hulipa deni la duka la zamani. Mambo huendelea vizuri maadamu maduka mapya yanauza. Yakishindwa kuuza, au kodi ya jengo ikiwa kubwa kuliko faida, mnyororo wote hukatika. Juu ya hayo Nakumatt ilikopa benki, tena ikakopa kwa wawekezaji kwa hati za muda mfupi zisizo na dhamana.

Kuanzia mwaka 2016 rafu zilianza kuonekana wazi. Wasambazaji wasiolipwa waliacha kuleta mali, rafu tupu zikafukuza wateja, na wateja walipopungua hata pesa ya kulipa wasambazaji haikuwepo. Mwaka 2017 wenye majengo wakaanza kuwatoa, na matawi ya Uganda yakafungwa. Palikuwa na mazungumzo ya kuungana na Tuskys, hayakuzaa matunda. Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka chini ya msimamizi, Peter Kahi, na madeni yaliyotajwa yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Matawi sita yaliyobaki yalinunuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ivunjwe.

Weka milioni 422 pembeni ya bilioni 30 uone. Benki kubwa huumia ikapona. Lakini mkulima aliyekuwa akipeleka mboga, au mwanamke mwenye kiwanda kidogo cha achari aliyefurahi kupata oda ya supamaketi, huyo mtaji wake wote ulikuwa umelala kwenye ankara zile. Hana dhamana, na katika mgawanyo wa mali ya mufilisi yeye husimama nyuma ya foleni.

Tuskys nayo ikafuata njia hiyo hiyo miaka michache baadaye. Uchumi ilikuwa imeshafunga Uganda na Tanzania mwaka 2015. Pale Oasis Mall, Kampala, ilipokuwa Nakumatt, mwaka 2020 ilifunguliwa Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, na wasambazaji wakaenda tena mlangoni na ankara zao kuuliza ni siku ngapi.