Patriaki: Baba na Kichwa cha Kanisa Lake



Tusikiapo neno "Patriaki", wengi wetu huwakumbuka Abrahamu, Isaka na Yakobo. Lakini Kanisa nalo lina Mapatriaki wake, na juma hili tunapenda tuitafakari mamlaka yao.

Mwaka 325, Mababa wa Mtaguso wa Nisea walithibitisha desturi iliyokuwapo tayari: Askofu wa Aleksandria kuyasimamia Makanisa ya Misri na Libya, kama vile Roma na Antiokia zilivyokuwa na haki zao. Mwaka 381 Konstantinopoli ilipewa heshima ya pili baada ya Roma, na mwaka 451, huko Kalsedonia, Yerusalemu nayo ikainuliwa. Ndivyo vilivyopatikana viti vitano vikuu, vyenye cheo cha Upatriaki.

Karne nyingi baadaye, Mapatriaki wa Mashariki walioungana na Roma walijikuta wakitanguliwa na Makardinali. Je, baba wa Kanisa zima akae nyuma ya mshauri wa Kanisa jingine? Swali hilo lilimsumbua Maximos IV, Patriaki wa Wamelkiti. Mwaka 1962, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, alikataa kuhutubia kwa Kilatini, akatumia Kifaransa; kwani Kilatini, alieleza, si lugha ya Kanisa la Mashariki. Hakuwa akipigania heshima yake binafsi. Alitetea ukweli kwamba mtu aweza kuwa Mkatoliki kamili bila kuwa Mlatini.

Tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso ulitamka kwamba haki za kale za Mapatriaki zirudishwe, na kwamba Patriaki pamoja na Sinodi yake ndio mamlaka ya juu katika mambo ya Kanisa lao, pasipo kuondoa haki ya Baba Mtakatifu. Mwaka 1965 Papa Paulo VI aliamua kwamba Patriaki afanywapo Kardinali abaki na kiti chake, asipewe kanisa la Roma. Hapo ndipo Maximos alipokubali Ukardinali.

Leo tunayo Makanisa Katoliki sita ya Kipatriaki: la Wakopti, Wamelkiti, Wamaroni, Wasiria, Wakaldayo na Waarmenia. Kwa kawaida Patriaki huchaguliwa na Sinodi ya Maaskofu wake, kisha huomba ushirika wa kikanisa kwa Baba Mtakatifu. Yeye ni baba, lakini hatawali peke yake: katika mambo mazito hana budi kupata kibali cha ndugu zake Maaskofu.

Ndugu wapendwa, hapa tunajifunza jambo moja. Umoja wa Kanisa haudai sote tusali kwa lugha moja, wala mkubwa hapungukiwi kitu anaposikiliza. Katika familia zetu, jumuiya zetu ndogo ndogo na halmashauri ya parokia, anayeitwa baba na akumbuke kwamba cheo chake amepewa kwa ajili ya watoto. Tuwaombee Wakristo wa Mashariki, ambao wengi wao huishika imani katikati ya vita na uhamisho.

Mungu awabariki.