Mjomba anataka gari la kupita Mandawa

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, niwieni radhi. Nilikuwa kusini, Mandawa, wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Kuna Mandawa nyingine iko Kilwa, ile inayotajwa na watafuta gesi. Siyo hiyo. Hii ya kwetu inatajwa msimu wa ufuta na korosho tu, na hata hapo haitajwi sana.

Kilichonipeleka ni simu ya mjomba. Sisi Wamwera tangu zamani ukoo tunauhesabu upande wa mama, kwa hiyo mjomba akikuita huulizi nauli atatoa nani. "Mjomba," akaniambia (tunaitana hivyohivyo, yeye mjomba na mimi mjomba), "ufuta umelipa na mikorosho haijaniangusha. Nataka gari. Liwe dogo lakini lipite huku masika. Wewe si mwandishi wa habari? Njoo uniambie ninunue lipi."

Jamani! Mimi mwenyewe napanda daladala. Nikaanza kuulizia kwa jamaa zangu mjini, nikapata majibu matatu. Wa kwanza kasema RAV4, wa pili Suzuki Jimny, wa tatu Suzuki Escudo, na kila mmoja anaapa kwa jina la mama yake. Basi nikakaa kusoma, na kama kawaida yangu, niliyekwenda kutafuta bei nikarudi na historia. Leo nawapa hiyo historia, maana nimegundua kwamba swali la mjomba limeulizwa kusini kwetu kwa miaka zaidi ya mia, na waliolijibu vibaya walilipa.

Tuanze 1917. Tarehe 19 Julai mwaka huo Waingereza na Wajerumani walipigana Narung'ombe, ambayo leo ni kata ya hukuhuku Ruangwa. Oktoba wakakutana tena Mahiwa, upande wa Nyangao, siku nne za mauaji. Vita ile haikuwa na barabara. Ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Malori mazito yalizama. Gari lililosaidia kidogo katika kampeni ya Afrika Mashariki lilikuwa Ford Model T, lile la mwaka 1908. Halikuwa na fowili wala ujanja wowote, ila lilikuwa jepesi, limeinuka juu, na likikwama wanaume wachache wanalibeba. Hata hivyo mzigo mkubwa haukubebwa na Ford, ulibebwa na vichwa vya watu. Wapagazi walichukuliwa kwa nguvu kila upande na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Kwa hiyo ukimwuliza babu wa babu yangu usafiri wa Mandawa ni nini, angekuonyesha shingo yake.

Somo la kwanza nikaliandika kwenye daftari: huku kwetu wepesi ni nguvu.

Miaka thelathini baadaye wakaja watu wa karanga. Wengi tumeisikia habari hii shuleni mstari mmoja tu, kisha mwalimu akafuta ubao. Baada ya Vita ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1946 wakaja wataalamu kupima ardhi. Wakakubaliana kulima zaidi ya ekari milioni tatu za karanga, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ni jirani yetu. Kwa ajili yake ikajengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Ikajengwa na bandari ya Mtwara, ambayo mpaka leo inatupa riziki.

Sasa sikilizeni habari ya mashine. Matrekta na tingatinga mengi yalinunuliwa yakiwa mabaki ya jeshi, mengine yakatoka mpaka Ufilipino. Kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru aina ya Sherman kikavigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Fikiria, kifaru! Kilichoshinda vita Ulaya kishindwe na kichaka cha Mmwera? Kilishindwa. Mashine ziliharibika haraka kuliko zilivyotengenezwa, spea hazikuwepo au ziko melini, mafundi walikuwa wachache, na udongo haukuwa ule uliochorwa kwenye makaratasi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kufuta mpango, na pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Reli ikaja kufungwa mwaka 1962, tukiwa tumeshapata uhuru, na mataruma yakang'olewa.

Sisemi haya kuwacheka. Nasema kwa sababu sikuona mahali nguvu ilikosekana. Nguvu ilikuwa tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuitengeneza na kifaa cha kutengenezea. Hilo likawa somo la pili.

Wakati Waingereza wanahangaika na vifaru, kwao kulikuwa na mtu anaitwa Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, ana shamba Wales na jipu la Kimarekani lililobaki vitani. Akajiuliza, jipu hili likifa nitanunua nini? Tarehe 30 Aprili 1948 wakaonyesha Land Rover ya kwanza kwenye maonyesho ya Amsterdam. Chuma kilikuwa cha mgao, kwa hiyo bodi ikawa ya alumini. Injini ya lita 1.6, gari fupi na la mraba, lakini lina fowili na lina gia nzito, ile seti ya pili ya gia inayofanya gari litambae polepole kwa nguvu nyingi. Naomba muikumbuke hiyo gia nzito, tutairudia.

Wazazi wetu walikua wanaijua Landrova kama sura ya serikali. Akija mkuu wa wilaya ni Landrova, akija bwana shamba ni Landrova, polisi Landrova, padri Landrova. Wajapani walianza nao mapema, Toyota wakitoa jipu lao mwaka 1951 na kuliita Land Cruiser mwaka 1954. Taratibu wakaila Landrova kwa jambo dogo tu: gari lao liliharibika mara chache. Hayo ndiyo magari yaliyokuja kuzaa mashangingi tunayoyajua.

Lakini yote hayo yalikuwa magari ya ofisi. Mtu wa kawaida kuwa na gari? Mafuta yalipanda bei 1973, tukawekewa marufuku ya kuendesha Jumapili mchana, ikaja vita ya Kagera 1978 magari ya watu yakachukuliwa kubeba askari, dola zikaadimika. Mpaka mwaka 1984 serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa, na baadaye zama za ruksa za Mzee Mwinyi, ndipo gari lililotumika Japani likaanza kuwa ndoto ya mwalimu na ya mkulima.

Na hapa ndipo swali la mjomba linaanza rasmi, kwa sababu Wajapani ndio waliotengeneza gari dogo la njia mbaya. Suzuki walitoa Jimny ya kwanza mwaka 1970, injini ya cc 359, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Mwaka 1981 wakaja na SJ, ile tunayoiita Samurai. Lile likaenda India, wenzetu wenye barabara zinazofanana na zetu: vumbi, mashimo, ng'ombe katikati, mvua za kumaliza daraja. Mwaka 1985 Maruti wakalitengeneza kwao kwa jina la Gypsy, umbo refu kidogo, na likatumiwa na jeshi, polisi na wanamashindano wa rali kwa zaidi ya miaka 30. Wahindi walikuwa na Mahindra, waliokuwa wakiunganisha majipu ya Willys tangu 1947, magari magumu na mazito. Hata hivyo Gypsy ikapata watu wake, kwa sababu ileile ya Ford ya 1917. Nyepesi, inapita. Si ajabu kwamba Maruti mwaka 2023 walianza kuuza Jimny ya milango mitano iliyotengenezwa India. Walishaona kwamba mlango wa nyuma ni jambo la maana.

Haya, nikafika Mandawa na daftari langu. Jioni tumekaa barazani, nikamsomea mjomba. RAV4 ilitoka 1994. Haina chasisi ya chini kama lori, imejengwa kama gari dogo la mjini, imeinuliwa. Inakimbia vizuri, inakaa vizuri barabarani, spea zake kama njugu. Ila haina gia nzito, na zile za kizazi cha pili, wanazoziita Kilitaimu, za injini ya 1800 zinavuta magurudumu mawili tu, kwa hiyo mnunuzi afungue macho. Jimny ya kuanzia 1998 ina chasisi, ina gia nzito, ina ekseli ngumu mbele na nyuma, uzito wake kama tani moja. Inapita pasipopitika. Ushuru wa injini nao ni mdogo, maana chini ya cc 1000 hakuna na hadi 2000 ni asilimia 5, ingawa likiwa kuukuu unaongezewa ule wa uchakavu. Escudo ilitoka 1988, ya milango mitano ikafuata 1990. Nayo ina chasisi na gia nzito, ni nzito kuliko Jimny, na mafuta inakunywa.

Nikamaliza kwa kujiamini. "Mjomba, chukua Jimny. Historia yote inasema wepesi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Mgonjwa analala wapi?"

Sikuelewa. Ndipo akanisimulia jambo ambalo nyumbani halisemwi. Masika ya 1998, ile mvua ya El Nino, mkaza mjomba alishikwa uchungu usiku na mtoto amekaa vibaya. Gari la ofisi moja likapatikana, gari kubwa, lenye fowili na kila kitu. Likafika kwenye udongo mweusi, mnaoujua mnaujua, ule ukilowa unashika kama gundi. Likazama. Dereva akalazimisha, kitu kikavunjika chini, na hicho kitu hakikuwepo Ruangwa, Nachingwea wala Lindi. Wanaume wakambeba mkaza mjomba juu ya kitanda cha kamba mpaka barabara kubwa. Yeye alipona. Mtoto hakupona. "Angekuwa rika lako," mjomba akasema, kisha akaomba maji ya kunywa.

Wapagazi wa 1917 na kile kitanda cha 1998, ni shingo zilezile. Nilikuwa nimeandika historia nzima na nikaruka mtu aliyebebwa.

Kesho yake tukaenda Ruangwa mjini. Mjomba hakwenda kuangalia magari kwanza, alikwenda kwa fundi. Akamwuliza, kwako yanakuja magari gani? Fundi akajibu bila kufikiri: Toyota, kifaa chake leo ukipiga simu kesho basi linakuletea. Suzuki nazijua, akasema, lakini vifaa vingine itabidi usubiri kidogo. Nikaona mjomba anaelekea kwenye RAV4, na moyoni nikakubali, maana somo la karanga lilikuwa hilo hasa.

Halafu tukaomba kwa watu tuzione gari zenyewe. Jimny, viti vikilazwa, mimi niliyelala ndani nilikunja magoti mpaka kidevuni, na watoto waliokuwa wanaangalia wakacheka sana. RAV4 ya milango mitano, kidogo afadhali. Escudo ya milango mitano, nikalala mshazari na mkeka chini, na pembeni akabaki na nafasi ya mtu wa kukaa amshike mgonjwa mkono. Mjomba alipima kwa futi ya fundi seremala, hakutaka maneno.

Tukarudi njiani anafikiri. Mwisho akasema neno ambalo mimi na vitabu vyangu vyote sikulifikia: "Spea naweza kuinunua mapema nikaiweka uvunguni. Ile gia nzito nikiikosa leo, kesho siwezi kuinunua dukani."

Basi ni Escudo. Na orodha ya vitu vya kununua siku hiyohiyo ameshaiandika: klachi pleti, mikanda, plagi, filta, pampu ya mafuta, kamba ya kuvutia na jembe. Fundi amelipwa chochote kidogo ili asome kwanza gari hilo kabla halijaharibika. Watu wa karanga walikuwa na mamilioni ya pauni na jambo hili hawakulifanya.

Nisiwadanganye kwamba Escudo ni jibu la kila mtu. Wewe unayekaa Sinza na kwenda Lindi mara moja kwa mwaka, njia ya lami sasa ipo, daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, chukua RAV4 yako ule maisha. Ukiwa peke yako na shamba lako liko mlimani, Jimny haina mpinzani. Lakini kabla hujamwuliza mtu gari gani zuri, jiulize maswali ya mjomba: udongo ni upi, fundi ni nani, na nyuma atalala nani.

Gari likifika nitaenda kulipanda masika yajayo, kwenye ule udongo mweusi. Mkaza mjomba amesema kiti cha mbele ni chake.