Mpaka Uliohamia Baharini: Suala la Ayalandi, 1921–2024

Kisiwa cha Ayalandi kiligawanywa mwaka wa 1921. Wilaya 6 za kaskazini-mashariki zilibaki katika Ufalme wa Uingereza; 26 zilizosalia zikawa, mwaka uliofuata, dola yenye kujitawala. Mpaka huo, wenye urefu wa kilometa 500 hivi, ulikata mashamba na njia za watu. Mwezi wa Aprili 1923 vituo vya forodha vilifunguliwa, na mara biashara ya magendo ikazaliwa.

Katika miaka ya ghasia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, vituo hivyo vilishambuliwa, na jeshi la Uingereza likaziba njia nyingi ndogo. Watu zaidi ya 3,500 walipoteza maisha. Mambo mawili ndiyo yaliyoufungua mpaka: soko la pamoja la Ulaya, lililoondoa forodha tarehe 1 Januari 1993, na Mapatano ya Belfast ya tarehe 10 Aprili 1998, yaliyoleta amani.

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ingawa asilimia 55.8 ya wapiga kura wa Ayalandi ya Kaskazini walitaka kubaki. Hapo tatizo likadhihirika. Penye sheria mbili za biashara hapakosi ukaguzi. Swali ni kwamba ufanyike wapi. Kuurudisha mpakani kulikuwa kuihatarisha amani. Theresa May alipendekeza, Novemba 2018, kwamba Ufalme mzima uendelee kufungamana na forodha ya Ulaya hadi ipatikane njia nyingine. Bunge likayakataa mapatano yake mara tatu mwaka wa 2019. Boris Johnson akakubali, Oktoba mwaka huo huo, kwamba Ayalandi ya Kaskazini ifuate kanuni za Ulaya kuhusu bidhaa, nazo zitokazo Uingereza zikaguliwe bandarini. Utaratibu huo ulianza tarehe 1 Januari 2021.

Nchi kavu ikabaki wazi, lakini manung'uniko yakahamia upande wa pili. Wale wanaoshikilia muungano na Uingereza walijiona wametengwa na nchi yao wenyewe. Februari 2022 chama chao kikubwa, Democratic Unionist, kilijitoa katika serikali ya jimbo, ikasimama. Mapatano ya Windsor ya Februari 2023 yalipunguza ukaguzi wa bidhaa zisizovuka kwenda kusini. Serikali ikarejea Februari 2024.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mmoja, kibanda cha forodha barabarani kilikuwa ukumbusho wa vita. Kwa mwingine, ukaguzi bandarini ulikuwa dalili ya kutupwa. Hivyo basi, mpaka wa forodha haukufutwa, bali ulihamishwa. Na kila ulipohamishiwa, palikuwa na watu wa kuubeba.