Saketi ya umeme darasani: Mwanafunzi ajichunguzie au mwalimu aeleze?

MWANAFUNZI wa Ogwedhi, katika Kaunti ya Migori karibu na mpaka wa Narok, hahitaji maabara ya kifahari ili aifahamu saketi sahili ya umeme. Betri ya tochi ya volti 1.5, balbu ndogo na kipande cha waya vyatosha.

Swali ambalo limewagawa wataalamu wa elimu kwa miaka mingi ni hili: je, apewe vifaa hivyo ajitafutie njia ya kuiwasha balbu, au mwalimu amweleze kwanza?

Katika njia iliyozoeleka, mwalimu huchora saketi ubaoni, hutaja sehemu zake na kufanya jaribio moja huku darasa likitazama. Njia hii huokoa muda, na betri moja hutosha hata darasa lenye wanafunzi wengi.

Hata hivyo, mwanafunzi aweza kuukariri mchoro na bado akashindwa kuiwasha balbu. Mchoro haumwonyeshi kuwa balbu hugusishwa mahali pawili: kwenye ncha yake ya chini na ubavuni mwa kitako chake cha chuma. Wengi hudhani waya mmoja watosha, kana kwamba umeme hutiririka kama maji ya bomba.

Utafiti uliofanywa na Roger Osborne nchini New Zealand katika miaka ya 1980 ulidhihirisha kuwa watoto wengi huamini mkondo wa umeme hupungua unapopita kwenye balbu. Ukweli ni kwamba mkondo unaoingia ndio unaotoka. Kinachotolewa kwa njia ya mwanga na joto ni nishati.

Dhana kama hizo haziondoki kwa kuambiwa tu. Mwanafunzi akitabiri kwamba katika saketi mfululizo balbu ya pili itafifia kuliko ya kwanza, kisha aone balbu mbili za aina moja zikiwaka sawasawa, atalazimika kufikiri upya. Akiziunganisha kwa saketi sambamba, ataona zote zikiongeza mwanga.

Lakini uchunguzi usio na mwongozo nao una kasoro. Mwaka wa 2006, Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walitoa makala wakisema kuwa anayeanza kujifunza hulemewa akiachiwa mambo mengi kwa pamoja. Mwaka uliofuata, Cindy Hmelo-Silver na wenzake walijibu kwamba uchunguzi unaofaa huwa na mwongozo mwingi wa mwalimu.

Kenya ilijaribu kuoanisha njia hizo kupitia mradi wa SMASSE, ulioanzishwa 1998 kwa ushirikiano na Japani. Wilaya tisa za majaribio zilijumuisha Kisii na Gucha, zilizo jirani na Migori, kabla ya mradi kuenezwa kitaifa kuanzia 2003. Mradi huo ulisisitiza shughuli, mwanafunzi, majaribio na ubunifu wa vifaa. Mwalimu naye alitakiwa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha.

Suala hili lilipata uzito zaidi mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza kutekelezwa kitaifa 2019, na Gredi ya Saba ya kwanza ilipoanza Sayansi Jumuishi 2023. Shule isiyo na vifaa huenda ikarejelea ubao, na mwanafunzi wake akabaki nyuma.

Somo la dakika 40 laweza kugawanywa hivi: dakika tano za kutabiri, 15 za kujaribu katika vikundi, 10 za mwalimu kufafanua na 10 za mazoezi. Swichi yaweza kutengenezwa kwa kipande cha bati.

Mwalimu atahadhari na taa za LED zinazotumika katika tochi nyingi siku hizi. LED hupitisha mkondo upande mmoja tu, na ile nyeupe huhitaji takriban volti tatu. Kwa hivyo haitawaka kwa betri moja, na mwanafunzi aweza kudhani saketi yake ina kosa.

Aidha, waya usiunganishe ncha mbili za betri moja kwa moja, kwani hupata joto linaloweza kuunguza vidole. Umeme wa ukutani, wenye volti 240, usitumiwe kamwe katika majaribio ya wanafunzi.

Kwa ufupi, uchunguzi humfanya mwanafunzi aone haja ya maelezo, na maelezo ya mwalimu huyapa maana aliyoyaona. Mwalimu mwenye betri chache afadhali aunde vikundi vikubwa kuliko kuliacha darasa zima litazame tu.